Ile Sweta Nimeivaa

Mama Wambui,

Salamu kutoka hapa mtaa wa West Indies kwa msichana wetu. Eldoret mvua inanyesha tangu asubuhi, lakini mimi niko na nguvu kama ng'ombe dume.

Jana alikuja mwanafunzi wa yunivasiti na makaratasi. Anapima kama watu wazima wanajua yenye iko kwa roho ya wengine. Nikamwambia anipime mimi, mtu anajua ng'ombe atapiga teke kabla ng'ombe mwenyewe ajue. Nikapita hadithi zote isipokuwa moja. Alinisomea hadithi ya mgeni aliyepewa mkate, huyo mgeni akasema mbele ya watu ni mgumu kama tofali, na mama aliyeuoka amekaa hapo.

"Nani amekosea, Mzee?"

"Hakuna. Mkate ulikuwa mgumu."

"Na huyo mama alisikia aje?"

"Hiyo hamjaandika."

Akacheka. "Mzee, hiyo ndiyo tunapima!"

Nikakumbuka ile Jumapili, vile niliambia wamama wa kanisa sweta ulinifumia inatosha gunia ya viazi. Ukaingia jikoni. Mimi nilifikiri umeenda kuongeza chai. Na tangu nikuje huku, Wambui akikupigia unamwambia asinipe simu.

Leo nimeivaa. Jirani ameuliza nimenunua duka gani, nikamwambia hakuna duka inaweza. Mkono wa kushoto bado ni mrefu, siwezi kudanganya, lakini nimeukunja. Jioni nikipiga, shika simu.

Jifunike vizuri, huko nyumbani Timboroa kuna baridi.

Baba Wambui