Mezani Siku ya Mtakatifu Nikola

Ivanjica, siku chache kabla ya Mwaka Mpya

Kaka yangu mpendwa Gvozden,

Pokea salamu zangu na za Mama, umfikishie wifi Rosanda za kwake, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Vienna, na mgongo wako uliokuwa ukiulalamikia umekubali kunyooka. Huku hatujambo. Mama anakula, analala, anagombana na paka. Theluji ni nyingi lakini kuni zipo. Mimi nimechoka tu, na kwa kuwa uchovu hauhesabiwi kuwa ugonjwa, nami ni mzima.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu, kaka, wewe hunikatiza, nami nikikatizwa husahau nilichotaka kusema, mwisho tunaongea habari za hali ya hewa. Tena Kum Vukašin, ambaye anajiona ana haki na wewe kwa sababu alikushika ubatizoni, ameapa atakupigia akueleze yaliyotokea nyumbani kwetu siku ya slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu. Huenda ameshakupigia. Huenda na Radiša mwenyewe ameshakupigia. Basi mimi ni wa tatu, na wa tatu huwa haaminiwi, lakini naomba unisome mpaka mwisho.

Kwanza kuhusu Radiša. Ni rafiki yako wa jeshini, na ni wewe uliyempigia simu anipe kazi kwenye ghala la baridi, na mpaka leo ukimtaja unamwita "mtu wangu." Kila uliponiuliza anaendeleaje nami, nilikujibu kwamba yuko vizuri na anakusalimu. Kusalimia alikuwa anakusalimia kweli. Hayo mengine niliyameza.

Kazi yenyewe unaijua, mama zetu wote wameifanya. Rasiberi zinatoka kwenye vyumba vya barafu zimekuwa ngumu kama kokoto, zinapita kwenye mkanda, na sisi wanawake tumesimama pande zote mbili tunatoa majani, vijiti na zilizopondeka. Vidole hufa ganzi hata ndani ya glavu mbili. Hilo silo ninalolalamikia, baridi haina ubaya na mtu. Radiša ndiye mwenye ubaya. Ana pete nene ya fedha, na huitumia kugonga ukingo wa chuma wa mkanda nyuma ya mgongo wako, ka-ka-ka, huku akisema, "Tembea, bibi, tembea, mkanda haungoji!" Hata msichana aliyeolewa juzi anaitwa bibi. Akikuta jani kwenye kreti lako, analimwaga lote lirudi mwanzo, na jani lile analibandika kifuani pako kwa pini, ukae nalo mpaka zamu iishe, kila anayepita alione.

Milunka, yule wa kule juu karibu na kanisa, alimaliza vuli nzima akiwa amebandikwa majani kama mti. Macho yake hayaoni vizuri tena na miwani inaingia ukungu. Siku moja aliomba abadilishiwe kazi, akapeleke makreti. Radiša akamjibu mbele yetu sote kwamba kama anataka kupumzika, makaburi yana nafasi na hakuna zamu ya usiku. Wengine tulicheka. Nilicheka na mimi, kaka, kwa sababu alikuwa ananitazama.

Kisha mwezi wa Novemba akaja kuondoa hita kwenye chumba cha kulia, akisema joto linaleta usingizi. Tukawa tunakula mkate tumevaa makoti, tunatoa mvuke kama farasi. Hapo ndipo wanawake wakaanza kusema tumwandikie mwenye ghala, wengine wakasema tugome, na kila mmoja akaeleza kwa nini yeye hawezi kutangulia. Nilikuwa nimechoka kuwasikiliza. Nikawaambia kuna jambo jepesi zaidi kuliko yote hayo: mwaka huu tusiende kwenye slava yake.

Unajua mwenyewe. Kwenye slava mtu haalikwi. Ukishawahi kwenda, unakwenda kila mwaka, na mwenye nyumba anapika akijua utakuja. Kumwacha mtu na meza iliyoandaliwa na mshumaa wa mtakatifu wake unawaka, na asije mgeni hata mmoja, ni kumzika angali anapumua. Kila mwaka sisi wa ghalani huenda kwake na kahawa na chupa ya divai, tunakaa sebuleni kwake tunamsifia samaki. Mwenzetu Desanka, ambaye hata mbwa hamkemei, ndiye aliyekubali kwanza. Wakafuata wote.

Kwangu mimi halikuwa na gharama yoyote, na hilo wenzangu waliliona bila kulisema. Yeye anaadhimisha Mtakatifu Nikola, na mtakatifu wa nyumba yetu pia ni Nikola. Siku hiyo mimi nina meza yangu, siwezi kuwa kwake hata nikitaka. Niliwapa wenzangu ushujaa ambao mimi mwenyewe sikuhitaji kuwa nao.

Basi siku ikafika. Mama aliamka kabla ya jogoo. Kwa kuwa ni mfungo na nyama hailiwi, alipika maharage ya tanuri, wali uliofungwa kwa majani ya kabeji, supu ya samaki na samaki wa kukaanga. Mikono yake sasa inatetemeka zaidi ya ulivyoiacha, lakini hataki kusaidiwa kubeba. Padri alikuja akabariki ngano na kukata mkate, majirani wakaja wakaenda, na kufika jioni alibaki Kum Vukašin peke yake, akimalizia chupa na hadithi zake za mnada wa ng'ombe.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Radiša, kichwa wazi, viatu vimelowa, amekuja kwa miguu. Kaka, mtu haachi mshumaa wake unawaka akaenda kwenye nyumba ya mtu mwingine, siku hiyo mwenye nyumba hata uani hatoki bila sababu. Alisimama kizingitini akachungulia ndani juu ya bega langu, akitazama meza yetu kiti kwa kiti, na hapo nikaelewa kilichomleta. Alidhani wanawake wote wa ghala wako kwangu. Alidhani nimemwibia wageni. Alipoona ni Vukašin tu na mifupa ya samaki, uso wake ulilegea, sijui ni kwa nafuu au kwa aibu. Akasema heri ya slava, akanibusu mara tatu kama inavyopasa, nami nikamkaribisha kama inavyopasa.

Mama alifurahi kupita kiasi. Kwake yeye huyo ni rafiki wa Gvozden, na rafiki wa Gvozden ni kama kipande cha Gvozden kimeingia mlangoni. Akamketisha mahali pa marehemu Baba, akamfunga kitambaa cha shingoni kama mtoto, akamletea supu. Radiša akala. Alisema tu kwamba mke wake amepika samaki wa watu thelathini, na sasa amejifungia chumbani hataki kusema. Nakiri nilimhurumia. Huyo mke hajawahi kumkosea mtu, nami sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Nilikuwa nimeshika mwiko nikijiambia kwamba akimaliza supu nitamweleza, wazo lilikuwa langu, asiwaonee wenzangu.

Ndipo Mama akaja na samaki. Alikuwa anampakulia, na mikono ikagoma, kipande kikawa kinateleza kwenye kijiko, anakirudisha, kinateleza tena, na mafuta yakadondoka kwenye mkono wa shati la mgeni. Radiša hakukasirika. Laiti angekasirika. Alicheka, akagonga ukingo wa meza kwa ile pete, ka-ka-ka, akasema, "Tembea, bibi, tembea, mkanda haungoji!" Vukašin akaangua kicheko, akasema huyu jamaa ana vituko. Na Mama, kwenye meza yake, siku ya mtakatifu wake, akasema, "Samahani, mwanangu," akaanza kuharakisha.

Ni ile samahani, kaka. Matusi ya Radiša nimeyazoea. Ile samahani ilinishinda.

Nilimwambia ainuke achukue koti lake. Akadhani ni utani, akanyoosha glasi nimmiminie. Nikarudia, safari hii nikiwa nimeshika koti mkononi. Vukašin akapiga kelele, "Wewe Stanija, umerukwa na akili? Mshumaa unawaka! Hapa hafukuzwi hata Mturuki, adui wa babu zetu!" Nikamjibu kwamba Mturuki akija nitamfikiria. Radiša akasimama. Alitoka na kitambaa chetu bado kiko shingoni, akapanda barabara kwenye theluji, na mimi nikafunga mlango.

Ndiyo hayo utakayosikia kwa Vukašin, ila yeye atakuambia nilimpiga kwa mwiko. Sikumpiga.

Jumatatu nilikwenda kazini nikijua nafukuzwa. Sikufukuzwa. Radiša alipita nyuma yangu bila kugonga chuma na bila kunitazama. Waliobadilika ni wenzangu. Habari ilikuwa imewafikia kabla yangu, Vukašin ana miguu mirefu. Kutokwenda kwa mtu, walisema, ni jambo moja, hata Mungu ataelewa. Kumwinua mgeni kwenye slava, chakula kikiwa mdomoni, hilo halijawahi kusikika kwenye bonde hili. Desanka alinieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Milunka, Milunka wa majani, alihamia upande wa pili wa mkanda. Siku ya tatu wakamwokea Radiša keki ya karanga wakampelekea ofisini, maskini, jinsi alivyodhalilishwa. Naye akairudisha hita. Sasa wanakaa wameizunguka wakati wa chakula na mazungumzo yananoga, mpaka niingie.

Nimechoka, kaka. Nakwambia hivyo hivyo bila kupamba. Nimetafuta ndani yangu majuto waliyoniambia niwe nayo, na nimeyakuta ya mke wake tu. Kwake nimepanga kwenda nikamwombe radhi. Kwa Radiša siendi, na ukinipigia kuniambia niende, kama ninavyojua utafanya, jibu umeshalipata hapa.

Sasa lile ninaloandikia barua hasa. Mama alikaa siku mbili bila kuniambia neno. Nilidhani nimemvunjia heshima ya nyumba na hatanisamehe. Jioni ya siku ya pili nilikuwa naosha vyombo, akaja akakaa jikoni, jambo ambalo halifanyi, akaniuliza kwa nini nilimtoa yule bwana. Nikamwambia, kwa alivyosema nawe, Mama. Akashangaa kwelikweli. Akauliza alisema nini. Nikamrudia maneno. Akafikiri, akasema hakuona ubaya wowote, mbona ndivyo wanaume wote wa nyumba hii walivyosema naye siku zote. Baba alikuwa akigonga glasi kwa kisu. Babu alikuwa akipiga mluzi. "Na Gvozden," akasema, tena kwa upendo, kaka, kwa upendo mtupu, "Gvozden akija kiangazi hupiga makofi: haya bibi kizee, tunakufa njaa! Huwa tunacheka sana."

Nami nakumbuka. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa karibu yako nikisubiri sahani yangu, nikicheka.

Kisha akasema jambo jingine, huku akifuta meza ambayo ilikuwa safi. Alisema tangu aolewe hapa hajawahi kumwona mtu yeyote akisimama mezani kwa ajili yake, na alipoingia kulala usiku ule hakupata usingizi, akawa anawaza, je, mtu akisimamiwa hivyo hutakiwa aseme asante au asemeje, maana hakuwahi kufundishwa.

Niliendelea na vyombo.

Basi, kaka, njoo kiangazi kama kawaida, chumba chako kitakuwa kimesafishwa na tutafurahi sana kuwaona. Nakuomba tu usinijibu kwa simu. Na ukija, utamkuta Mama amekaa. Supu iko jikoni, sufuria ya bluu, na bakuli liko juu ya rafu upande wa kushoto. Utajipakulia mwenyewe, halafu utampakulia na yeye, na wala usimharakishe kula.

Msalimu wifi na watoto. Mama anakusalimu sana, anauliza kama huko unavaa soksi za sufu. Mungu na Mtakatifu Nikola wawalinde njiani na kazini.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Stanija