Kengele ya Muhigi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huko uliko hutajibu, lakini hukunilea nianze maneno na mkubwa bila salamu.

Jana nilikwenda Buzebazeba kutafuta mbwa. Nyumba yetu ya Gungu ni kubwa mno kwa mtu mmoja, na vibaka wameshabeba redio yako. Niliambiwa kuna dada anayewaokota mbwa wanaoachwa na wakimbizi wanaorudi kwao, anawatafutia watu wa kuwalea. Nilipofika getini nikasikia wanabweka, nikageuka nusu nirudi. Wewe unajua kwa nini. Nadhani ulijua siku zote.

Unakumbuka ufukwe wa Kibirizi mwaka ule, wakimbizi wanashuka kwenye maboti tangu asubuhi hadi jioni? Uliacha mbao zako za mitumbwi ukawa unapokea watoto wachanga majini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimekuletea ugali. Nikakukuta unazungumza na bibi mmoja mwembamba, Bibi Tereza, aliyemshika mbwa mwekundu. Malori ya kambini hayakupakia wanyama. Mbwa alikuwa wa mwanawe, mwindaji, na mwanawe alikuwa ameuawa kabla hawajaufikia mpaka. Shingoni mbwa alivaa kengele ndogo ya chuma, kama wanavyovalishwa mbwa wa kuwinda kwao na kwetu Waha. Marehemu ndiye aliyeifua.

"Anaitwa Muhigi," alikuambia. "Nitakuja kumwona. Hiyo nzogera ya shingoni msimvue, mwana wanje. Ikilia namsikia mwanangu."

"Egome, mama," ukamkubalia. Mlielewana bila mkalimani, Kiha chetu na lugha yao ni ndugu. Ukapanda naye hadi Gungu, mimi nyuma na bakuli tupu, na kabla hatujafika nilikuwa nimeshampenda yule mbwa.

Lakini kengele niliichukia, Baba. Ikilia tu, watoto wa mtaani wanadakia: "Wakimbizi hao! Rudini kwenu!" Wewe ulicheka. Mimi nilikuwa nimekuona ukishushwa kwenye basi kwa ajili ya lafudhi yako, ukaulizwa umezaliwa wapi na babu yako kazikwa wapi, wewe uliyezaliwa hapahapa Rusimbi. Niliona kengele ile itatufukuzisha sote. Ilikuwa akili ya kitoto, ila hofu yenyewe sikuiokota barabarani.

Kisha likapita gari la matangazo, siku tatu mfululizo. Mbwa wanaozurura ufukweni watapigwa risasi. Mwenye mbwa amvalishe kitu shingoni kinachoonekana. Ukasema, "Muhigi hana shida, ana kengele yake." Kila asubuhi alikuwa akishuka Kibirizi peke yake, analala pale bibi alipomwachia, mchana anarudi.

Siku ya nne nilimvua. Nilijiambia ni mara moja tu, nifike naye dukani bila kuzomewa. Nikiwa bado nangoja sabuni, nikageuka, hayupo. Nilimkimbilia mpaka kwenye mteremko. Ukasikika mlio mmoja wa bunduki, halafu wa pili. Sikwenda kuangalia. Nilirudi nyumbani nikaitupa kengele kwenye shimo la choo.

Jioni ulimleta kwenye gunia.

"Kengele iko wapi?" ukaniuliza.

"Ukanda ulikatika, Baba."

Ulinitazama sana, kisha ukaenda kuchukua jembe.

Bibi Tereza alipopata kibali cha kutoka kambini, alikuja amefunga mfupa kwenye jani la mgomba. Sijui aliupata wapi kule, ambako nyama yenyewe ilikuwa ya kuota ndotoni. Nilisimama nyuma ya mlango nikingoja umwambie kwamba ukanda ulikatika. Ukapiga magoti, mtu mzima wewe, ukasema, "Mimi ndiye niliyemvua, mama. Niliona haya kuitwa mkimbizi."

Haya yangu, Baba! Sikuwahi kukuambia, na ulikuwa nayo mkononi.

Hakupiga kelele. "Wageni ningewaelewa," alisema. "Lakini wewe tunasikilizana." Akauweka mfupa kizingitini akaondoka, na hatukumwona tena. Baada ya hapo habari zikasambaa. Watu uliowapokea majini wakawa wanakupita Kibirizi kama nguzo. Wavuvi nao wakakutungia maneno, eti fundi anayewaonea haya ndugu zake. Uliyasikia yote ukaendelea kuchonga. Hukuniambia chochote, hata siku nilipokukosea mengine ukanigombeza. Ningefurahi ungenichapa.

Msibani kwako waliniomba nikusemee. Nilitaja ufundi wako, nikataja ulivyopenda migebuka ya kuchoma, nikakaa chini. Nilikuwa na nafasi ya mwisho mbele ya watu wote, nikazungumzia samaki. Najichukia kwa hilo kuliko hata kwa kengele.

Sasa nikurudishe Buzebazeba. Yule dada alinitolea jike jeusi lenye sikio moja. Likanusa mikono yangu, likajilaza juu ya miguu yangu, na nikalitaka palepale, nikaanza hata kufikiria litalala wapi.

"Mama, ulishawahi kufuga mbwa?"

"Mmoja."

"Aliishia wapi?"

Jibu ninalo la miaka yote, halinipi taabu: aliuawa, baba alimvua kengele. Nikafungua mdomo, likakataa kutoka. Nikamwambia, "Nilimvua kengele mimi, ili nisiitwe mkimbizi. Akapigwa risasi. Baba yangu akajitwika kosa langu mpaka akafa nalo."

Akaniambia polepole, "Mimi nimezaliwa kambini, mama." Akainama akalivuta lile jike kwenye miguu yangu. "Huyu sitakupa. Nisamehe."

Nilimwambia hana kosa. Nikarudi kwa miguu, na njia nzima nililia bila kujifuta, watu wa bodaboda wakinipigia honi.

Jina lako limesafika kwa mtu mmoja, Baba, ambaye hata hakukujua. Kibirizi wamebaki wazee watatu wa wakati ule, wale waliokuwa wakikupita bila salamu. Mmoja haoni tena, lakini anasikia. Kesho naanza na huyo.

Pumzika. Mzigo huu sasa nipe mimi.

Ni mimi mwanao,
ambaye ulipiga magoti kwa ajili yake.