Chupa Yenye Asali

Mdogo wangu,

Paa halivuji tena, na goti langu sasa linakubali ngazi. Mjukuu wetu alitoka hospitali jana.

Nakueleza polepole, kama nilivyokufundisha kusoma. Ulimwambia mwanangu, "Maziwa ya kopo ni ya wavivu. Mpe ya ng'ombe na asali, ndiyo yaliyotukuza sisi." Akakuamini. Asali huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini la mtoto mchanga haliviwezi. Mtoto akalegea kama kitambaa, akashindwa kunyonya, sauti ikapotea. Nilipokupigia simu ulicheka: "Dada, na elimu yako yote, unaogopa asali?"

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga nguo zake zimelowa.

Umesema utakuja Jumamosi kumwona. Njoo. Nimewaalika kina mama wote uliowauzia chupa zako za maziwa na asali, na daktari pia. Kiti chako nimekiweka katikati. Hakuna atakayekutukana. Tutamtazama tu mtoto akilia bila sauti, kisha utueleze tena habari ya wavivu.

Dada yako, anayekungoja mlangoni.