Wa Pili Kutoka Chini

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kimya changu cha miezi mitano. Mgongo umepoa? Shemeji hajambo? Mimi mwili ni mzima, na kazi ya vioo inakwenda, wateja ni walewale wanaobishana na futi kamba.

Najua una kinyongo nami, na mimi nilikuwa nacho. Ulipomtazama binti yangu ukasema amebaki macho na magoti, niliumia. Tangu mama yake afariki nimemlea peke yangu, sijaomba hata chumvi kwa mtu. Ndipo nikakutolea kadi ya kliniki: kilo ishirini na tisa na nusu, urefu mita moja na sentimita arobaini na mbili. Uzito gawanya kwa urefu, gawanya tena kwa urefu, kumi na nne nukta sita. Nikakueleza kwamba mtu mzima mwenye namba hiyo angelazwa, lakini mtoto hupangwa na wenzake mia wa umri na jinsia yake. Wangu ni wa kumi na moja kutoka chini, na hatari ni chini ya wa tano. Nikaongeza kuwa hesabu hazikuwahi kukupenda. Ukafunga virago bila kumaliza chai.

Jumatatu alianguka mstarini shuleni. Daktari akapima, akasema ameshuka hadi wa tisa ila bado hajavuka mstari wa hatari, ale vizuri, turudi baada ya miezi mitatu. Akamuuliza umri ili kuhakikisha. Mtoto akajibu kumi bila kupepesa, kama nilivyomfundisha.

Dada, wewe ndiye uliyempokea alipozaliwa. Unajua ana kumi na tatu.

Nilipohamia huku alikuwa na tisa, hajaona darasa kwa sababu ya kuhamahama kwangu kutafuta kazi. Mwalimu mkuu akasema darasa la kwanza mwisho miaka saba, yeye hafundishi bibi harusi. Nikaandika sita. Kadi ya kliniki ikafuata karatasi za shule.

Jana niliomba kliniki wanionyeshe jedwali lao, nikasogeza kidole hadi kumi na tatu. Uzito uleule wa Jumatatu, urefu uleule: wa pili kutoka chini. Miaka minne wananiambia yuko salama, na niliyewadanganya ni mimi.

Alhamisi nitamwambia daktari. Binti ananisihi nisiseme, eti atakula hata asichokitaka, mradi asitolewe darasani. Tangu nimwambie hagusi sahani mbele yangu. Dada, ulipokuwa hapa alikula kwa mkono wako. Njoo kabla ya Alhamisi, hata kama hutaki kunisemesha.

Nisalimie shemeji na watoto, na jirani yako anayenidai salamu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi vioo