Viatu vya Mama Viko Chini

Jengo la Tatu, ghorofa ya nne,
Jumapili, 14 Juni.

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo? Wifi hajambo? Kile kikohozi cha Bonge wenu kimeisha? Mimi mzima, ila uchovu. Mpwa wako anaota meno. Halali wala halazi mtu.

Mama anakusalimu. Ukiniuliza anaendeleaje, sitakuficha: haumwi zaidi ya zamani, ila amenyamaza. Na wewe unajua mama yetu akinyamaza.

Unakumbuka tulipohamishwa kule bondeni tukaletwa kwenye maghorofa haya. Mama alipangiwa chumba cha chini. Akakikataa mwenyewe, akabadilishana papo hapo na fundi viatu, jirani yetu wa siku zote, huku akicheka: "Maji yameshanikuta kitandani. Sasa yapande ngazi yanitafute!" Sote tuligombania juu. Aliyepata chini alipewa pole kama mfiwa.

Tangu miguu yake ipooze mwaka jana, ngazi zile zimekuwa ukuta. Lifti tuliahidiwa. Mahali pake pana shimo refu lililozibwa kwa mbao, watu wanaweka ndoo na matairi.

Mwanzoni hakujali. Cherehani iko dirishani, wateja wanaita kutoka chini, naye anateremsha kikapu kwa kamba. Kinapanda na suruali iliyochanika, kinashuka imeshonwa. "Mama Kikapu, zipu hii imekufa tena!" "Punguza tumbo, itafufuka!" Uani wote wanacheka. Lakini mwezi uliopita kamba ilibaki imeviringishwa. Nilipomuuliza, akasema, "Watu wote nawajua kwa utosi tu. Sura zao zinanipotea."

Nikaenda ofisi ya nyumba, mtoto mgongoni. Fundi viatu alishakubali warudishiane vyumba, Mungu ambariki. Karani hakuinua hata uso: "Nyumba si nguo za kuazimana, dada." Nikamwambia sitoki. Nikakaa, nikanyonyesha palepale, mpaka mkubwa wake akatoka na kuahidi kuja kuonana na wakazi.

Alikuja kweli. Tukakutana uani, chini ya dirisha letu. Akaeleza vizuri kwamba mji unakua, na kila mtu atapata nafasi yake. Ndipo kikapu kikashuka polepole hadi mbele ya kifua chake. Ndani mlikuwa na viatu vya mama, vile vyeusi vya kutokea. Mama akapaza sauti kutoka juu: "Hao ndio wajumbe wangu, bwana mkubwa. Wape kiti!"

Watu wakaangua kicheko, hata yeye. Fundi viatu akakichukua kimoja, akakigeuza. "Soli hizi nilizitia mimi mwaka jana," akasema. "Hazijakanyaga kitu." Kicheko kikakatika.

Yule mkubwa alisema ombi letu litaangaliwa, na njia ya mteremko kwa wasioweza ngazi itajengwa. Lini, hakusema. Tulipotaka kuvipandisha viatu, mama akakataa. Vibaki chini, vimsubiri. Viko mlangoni kwa fundi, naye huvifuta vumbi kila asubuhi.

Kaka, jana nikimwogesha aliniambia hivi: "Najua iko siku nitashushwa tu, na sitaulizwa. Nataka nishuke kabla ya hiyo, nikiwa naona." Nilijifanya sabuni imeniingia machoni.

Vijana wa hapa wako tayari kumbeba, ila hataki mgongo wa mtu baki. Wa mwanawe ataukubali. Kwa hiyo usitume kitu, na usiniambie "mambo yakitulia nitakuja." Njoo. Ile ofisi niachie mimi. Nitaendelea kuwasumbua, maana si mama peke yake. Jengo la pili kuna mwalimu mstaafu asiyeona, na dada mmoja ambaye binti yake hatembei, anambeba hadi shule na kumrudisha, na binti anazidi kukua.

Nisalimie sana wifi, na Bonge mwambie shangazi yake anamkumbuka. Mpelekee salamu pia baba mdogo, ila habari hizi mpe taratibu, moyo wake si wa kushtuliwa.

Mungu akufungulie njia, na akukutanishe na mama akiwa bado anakungoja dirishani. Nimemwomba fundi aviweke viatu karibu na ngazi.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kitinda mimba wenu.