Vibonye Kwenye Bakuli la Sukari

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipasheni moto. Kwenye bakuli la sukari hamna sukari, mna vibonye vya kompyuta. Mtu asivitie kwenye chai.

Ni kazi ya baba yenu. Ile kompyuta ya shangazi imetoka ng'ambo na herufi zake zimekaa kama za huko: A iko mahali pa Q, M imehamia kando ya L. Asubuhi nachapa barua yangu ya kuomba kazi, akaniona nahangaika. Akachukua kisu cha siagi, akang'oa vibonye vyote, akavipanga kama vya ofisini kwake. Nikabonyeza A, ikatoka Q. Akaikaripia kompyuta: "We, hata kusoma hujui?" Akaving'oa tena. Sasa hakumbuki kipi kilikuwa wapi.

~~Mwambieni asinisemeshe mpaka Ijumaa.~~ Mwambieni chai yake iko kwenye chupa. Rimoti ifichwe, nayo ina vibonye.

Barua zinapokelewa mwisho saa sita, kwa hiyo nimeandika yangu kwa kalamu na naipeleka mwenyewe. Naomba kazi ya uchapaji kwa barua ya mkono! Wakiniuliza, nitasema kompyuta tunayo nyumbani, iko kwenye bakuli.

Mama yenu, na bado mke wa fundi