Tangi Lisilo na Vyumba

Kanmani shoga, nacheka mpaka mbavu zinauma!

Lile tangi la lori nililolichorea ramani yenye kuta za ndani za kutuliza maji? Shemeji Maruthu kaziondoa zote! Akanibeza mbele ya mafundi: "Shemeji, hili ni tangi au nyumba ya kupanga? Vyumba vya nini?"

Vyumba vya nini! Haya.

Leo lori likazinduliwa, ndimu chini ya matairi kufukuza kijicho. Tangi nusu maji. Akaendesha mwenyewe, akaponda ndimu, akafunga breki. Maji yote yakaja mbele puu! Lori likasukumwa mpaka juu ya pikipiki yake mpya aliyoiegesha mbele. Chapati!

Nikamwambia mbele ya mafundi wale wale: "Shemeji, mpangaji kakosa chumba, katoka kutafuta."

Kesho napika wali wa ndimu. Nimemkaribisha. Aje kwa miguu.